Sumu ya panya ilitoka wapi? (Sehemu ya 3)

Nimeulizwa sana: paka hakugusa sumu, mbona kafa anatoka damu puani? Wengine wanasema karogwa. Hapana jamani. Tuanzie mbali kidogo.

Miaka ya 1920, Kanada na kaskazini mwa Marekani, ng'ombe walikuwa wanakatwa pembe na damu haikatiki mpaka wanakufa. Daktari wa mifugo Frank Schofield akagundua walilishwa majani makavu ya klova yaliyoota ukungu. Februari 1933 mkulima mmoja wa Wisconsin akasafiri kwenye theluji hadi maabara ya Karl Paul Link, amebeba ng'ombe aliyekufa na kopo la maziwa limejaa damu isiyoganda. Link na wenzake walihangaika miaka sita kuipata kemikali yenyewe. Kutokana nayo, mwaka 1948 ikatoka sumu ya panya: warfarini. Ndiyo hiyo hiyo tunayowapa wagonjwa wenye damu iliyoganda kwenye mishipa, ila kwa vipimo.

Sasa sikilizeni. Panya ni mjanja, akionja kitu kikamuumiza mapema harudi tena. Warfarini ilipendwa kwa sababu ni ya polepole. Inazuia mwili kutumia vitamini K, na damu inaacha kuganda baada ya siku kadhaa, panya mwenyewe anaendelea kula tu. Mwaka 1958 huko Scotland wakaonekana panya wasiodhurika nayo, ndipo miaka ya 1970 zikaja kali zaidi, kama brodifakumu, inayokaa kwenye ini kwa miezi.

Basi panya aliyekula anazurura siku tatu, nne, kalegea. Paka hana hata haja ya kumkimbiza. Chambo ulichoficha nyuma ya gunia la mahindi hajakiona. Yeye kala ini la panya. Naye anakaa siku kadhaa mzima, kisha fizi zinapauka, anahema, anajificha uvunguni. Wewe sumu umeshaisahau, ndiyo maana anasingiziwa jirani.

Dawa ipo: vitamini K, ile ile tunayomchoma mtoto mchanga pajani. Kwa paka huchukua wiki kadhaa, kwa hiyo mwone mtaalamu wa mifugo mapema. Na mtoto akiokota chambo, mlete siku hiyo hiyo hata kama anacheza, na uje na pakiti yake. Vile vipakiti vya mnadani visivyo na maandishi ndivyo vinavyotusumbua, hatujui tunatibu nini.

Sehemu ya 4 ni ile ya unga wa kijivu, inayoua kwa saa chache.