Ramani na habari za kivita kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa (1914–1918)

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, makamanda wa vikosi vidogo kwenye mwambao wa mashariki wa Ziwa Nyasa walipigana wakiwa na ramani chache na habari zilizochelewa kufika. Eneo hilo, kuanzia Lituhi hadi Chiwanda karibu na mpaka wa Msumbiji, lilikuwa sehemu ya Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Leo ni Wilaya ya Nyasa katika Mkoa wa Ruvuma, Tanzania, iliyomegwa kutoka Wilaya ya Mbinga.

Ziwa na shambulio la Liuli

Ziwa lilipimwa vizuri kuliko nchi kavu. Miaka ya mwisho ya karne ya 19 maafisa wa jeshi la majini la Uingereza, E. L. Rhoades na W. B. Phillips, walianza kulipima, na matokeo ya kazi yao yalichapishwa London mwaka 1902. Rhoades alibaki ziwani, na vita vilipoanza alikuwa kamanda wa meli ya Gwendolen. Hivyo Waingereza walikuwa na kamanda aliyejua ghuba za upande wa Wajerumani kwa vipimo vya mkono wake mwenyewe.

Upande wa pili alikuwepo Kapteni Berndt, nahodha wa meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann. Wawili hao walifahamiana vizuri na walikuwa marafiki. Agosti 1914 meli yake ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo huko Liuli, mahali ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen kutokana na mwamba wenye umbo la sanamu ya Sphinx ya Misri. Habari za vita zilikuwa zimefika Nyasaland (leo Malawi), lakini Berndt hakuzipata. Tarehe 13 Agosti Gwendolen ilifika na kufyatua mzinga. Berndt alipanda mashua akaenda kumuuliza rafiki yake kulikoni, akaambiwa kwamba nchi zao zinapigana na kwamba yeye sasa ni mfungwa. Waingereza waliondoa sehemu za mitambo ya meli ili isiweze kutumika. Walirudi 30 Mei 1915 na kuiharibu zaidi.

Tukio hilo husimuliwa mara nyingi kama kichekesho. Hata hivyo linaonyesha jambo zito: nahodha mwenye meli, mabaharia na bandari alishindwa kwa kukosa habari moja tu.

Ramani ya nchi kavu

Ramani kuu ya koloni ilikuwa ile ya kipimo cha 1:300,000, iliyochapishwa Berlin na kampuni ya Dietrich Reimer. Ilianzishwa na Richard Kiepert na kuendelezwa na Paul Sprigade na Max Moisel. Waingereza nao waliitumia.

Kwa kipimo hicho sentimita 1 ni kilomita 3. Kamanda wa kombania yenye askari wapatao 150 hadi 200 alitembea saa nzima na kuona amesogea takriban sentimita moja na nusu kwenye karatasi. Ramani ya namna hiyo ilimfaa mtawala wa koloni. Kwa mtu aliyetaka kujua kama kuna maji nyuma ya kilima kile, haikusaidia sana. Sehemu kubwa ilichorwa kutokana na safari za maafisa na wapelelezi waliotumia dira na saa, hivyo kando ya njia zao palibaki nafasi tupu. Katika milima ya Umatengo, yenye mabonde makali, kasoro hiyo iligharimu siku nzima za kutembea.

Majina pia yalisumbua. Vijiji vingi viliandikwa kwa jina la jumbe wake. Jumbe akifa au watu wakihama, jina halikuwa tena mahali pake. Zaidi ya hayo, Vita vya Majimaji (1905–1907) vilikuwa vimeacha vijiji vingi vya Ungoni vimechomwa na watu wametawanyika. Mji mmoja uliweza kuwa na jina la Kijerumani kwenye ramani na jina lingine kabisa midomoni mwa wenyeji: Manda iliandikwa Wiedhafen.

Wenyeji kama chanzo cha habari

Kwa sababu hiyo makamanda wa pande zote walitegemea waongozaji njia, wapagazi, wavuvi na wafungwa. Wenyeji ndio waliojua vivuko, mashamba yenye chakula, na kikosi gani kimepita jana. Kazi hiyo ilikuwa ya hatari: kikosi kiliondoka, mwongozaji akabaki kijijini, na kesho yake adui aliweza kufika na kuuliza nani aliyeonyesha njia. Majina ya watu hao hayaonekani kwenye ramani walizosaidia kusahihisha.

Mwisho wa vita

Majeshi ya Jenerali Edward Northey, yaliyoingia kutoka upande wa Nyasaland, yaliteka Songea Septemba 1916. Paul von Lettow-Vorbeck alivuka Mto Ruvuma kuingia Msumbiji Novemba 1917, akarudi Septemba 1918 na kupita Ungoni hadi Njombe, kisha Rhodesia ya Kaskazini (leo Zambia). Mapigano yalikuwa yamesimamishwa Ulaya tarehe 11 Novemba 1918, lakini alipata habari tarehe 13, katika karatasi alizokutwa nazo tarishi wa Kiingereza aliyekamatwa. Alisalimu amri Abercorn, leo Mbala, tarehe 25 Novemba.