Chokaa shambani: jasho lililosahauliwa la Virginia

Kila msimu wa kupanda, mjadala wa mbolea ya DAP huzuka upya Uasin Gishu, Trans Nzoia na Kakamega. Mkulima analalamika kwamba anatia mbolea ileile kila mwaka huku mahindi yakizidi kudumaa. Mtaalamu anamjibu kwamba udongo umejaa asidi, atie chokaa. Jibu hilo ni la kale. Warumi waliandika, karibu miaka 2,000 iliyopita, kuhusu watu wa Gaul na Uingereza waliorutubisha mashamba kwa udongo wenye chokaa.

Sababu ya chokaa kufaa ilianza kueleweka Virginia, Marekani. Edmund Ruffin alirithi shamba la Coggin's Point, kando ya mto James, kabla hajatimiza miaka 20. Vizazi vya tumbaku na mahindi vilikuwa vimeichosha ardhi, na watu wengi walikuwa wakihamia magharibi. Alijaribu samadi, haikusaidia. Kisha akasoma kitabu cha kemia ya kilimo cha Mwingereza Humphry Davy, kilichotoka 1813, akaanza kushuku kwamba udongo wake una asidi. Udongo wenye chokaa ukimwagiwa asidi hutoa mapovu. Wake ulitulia tuli.

Kumbe chini ya shamba hilohilo palilala tabaka la makombe ya bahari ya kale, chokaa isiyohitaji hata tanuu. Mwaka 1818 aliagiza lichimbwe na kutawanywa kwenye kipande kimoja, kikapandwa mahindi. Mavuno yalizidi ya sehemu isiyotiwa kitu kwa takriban asilimia 40. Alitangaza habari hiyo mwaka 1821 katika jarida la American Farmer, na mwaka 1832 akaitolea kitabu.

Masimulizi mengi humvisha Ruffin taji na kuishia hapo. Hilo si haki. Waliochimba walikuwa watumwa, watu wenye asili ya bara letu. Ndio waliofukua udongo wa juu, wakashuka shimoni, wakapakia mikokoteni na kutawanya marundo kwa beleshi, msimu baada ya msimu. Ruffin alitetea utumwa kwa kalamu na kwa silaha: Aprili 1861 alikuwa miongoni mwa waliofyatua mizinga dhidi ya ngome ya Sumter, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipoanza, na upande wake wa Kusini uliposhindwa, mwaka 1865, alijiua. Kitabu kina jina lake. Kazi ilikuwa ya mikono ya wengine, nao wanastahili kutajwa kila chokaa inapotajwa.

Onyo linalotugusa zaidi lilitoka Woburn, Uingereza. Katika majaribio yaliyoanza 1876, vipande vilivyotiwa salfeti ya amonia mfululizo viliingia asidi hadi shayiri ikagoma. Chokaa ndiyo iliyoirudisha. DAP nayo ina amonia. Vijidudu vya udongoni huigeuza kuwa naitreti na kuacha asidi nyuma. Alumini huyeyuka na kudumaza mizizi, fosforasi hunaswa isiufikie mmea. Brazil ilizingatia somo hilo, ikatia chokaa kwenye udongo wake wa asidi, na kuanzia miaka ya 1970 nyika ya Cerrado ikawa ghala la soya.

Sisi mawe ya chokaa tunayo Koru, si mbali na mashamba hayo. Lakini chokaa hutakiwa kwa tani, na nauli humshinda mwenye ekari mbili, ambaye dukani huuziwa DAP bila kuulizwa kama udongo wake umewahi kupimwa. Serikali inayotoa ruzuku ya mbolea ilipie pia lori la chokaa hadi shambani, na kipimo cha udongo kitangulie vyote viwili.