Mafuta ya chipsi na mabomba ya London

Juzi nimemwaga mafuta ya maandazi kwenye sinki, mwenye nyumba akanijia juu! Kumbe ana sababu. Mwaka 1858 mto Thames ulinuka hadi Bunge likatundika mapazia yenye dawa, ndipo injinia Bazalgette akajenga mifereji ya majitaka. Sheria ya 1991 ikasema anayetia humo kitu cha kuuziba anashtakiwa, faini au hata jela. Ndiyo maana migahawa huweka chombo cha kunasa mafuta. Hata hivyo, 2017 kule Whitechapel lilikutwa bonge la mafuta lenye urefu wa mita 250, tani 130!

Mimi nesi nawaambia: majitaka yakirudi juu, kipindupindu hakiko mbali. Dada, mgahawa wako ukifunguliwa, mafuta yapoe kwanza, kisha yatie kwenye dumu. Nawakumbuka sana.