Kaka Alisema "Hii Siyo": Historia ya Mashine za Gemu za Kunakili

Mwezi uliopita mwenzetu mmoja wa maabara alirudi kutoka Ujerumani na kitu kwenye begi ambacho kilisimamisha kazi kwa siku mbili nzima. Ni mashine mpya kabisa ya kuchezea kaseti za zamani za gemu. Zile zile kaseti za plastiki za njano, nyekundu na buluu ambazo wengi wetu tulizipuliza mdomoni tukiwa watoto. Akaniazima wikiendi moja, kwa masharti makali kuliko ya benki.

Nikaipeleka nyumbani. Kaseti yetu bado ipo, na hata mashine yetu ya zamani ipo, ile baba aliyorudi nayo kutoka Kariakoo mwaka 2001. Nikamwita kaka yangu, ambaye enzi hizo ndiye alikuwa mwenye pedi namba moja. Nikachomeka kaseti kwenye mashine mpya, nikawasha Super Mario Bros. Picha safi, rangi kali, kila nukta inaonekana kwenye TV bapa. Kaka akatulia kama nusu dakika, kisha akasema, "Dogo, hii siyo."

Siyo kivipi? "Anakimbia sana. Halafu muziki siyo ule."

Nilidhani ni mambo ya uzee. Kumbe kaka alikuwa sahihi, na ili kueleza kwa nini, lazima turudi nyuma miaka zaidi ya 40.

Mashine yenyewe ilitoka wapi

Tarehe 15 Julai 1983 kampuni ya Nintendo ilianza kuuza Japani mashine iliyoitwa Family Computer, kwa kifupi Famicom, kwa yeni 14,800. Kiongozi wa wahandisi walioibuni alikuwa Masayuki Uemura. Ndani yake kulikuwa na chipu mbili kubwa zilizotengenezwa na kampuni ya Ricoh. Moja ni ubongo: inafuata maagizo ya gemu na pia inatengeneza sauti. Ya pili ni mchoraji: kazi yake ni kuchora picha kwenye runinga, mstari kwa mstari. Kumbukumbu ya kufanyia kazi ya ule ubongo ilikuwa kilobaiti 2 tu. Picha moja ya WhatsApp inazidi hapo mara nyingi.

Sasa sikiliza jambo hili. Ubongo wa Famicom haukubuniwa kutoka sifuri. Ulijengwa juu ya chipu ya Marekani iitwayo 6502, ya kampuni ya MOS Technology, iliyotoka mwaka 1975 kwa dola 25, bei iliyowashangaza watu wakati huo. Ricoh walichukua muundo ule, wakaongeza sehemu ya sauti, na wakakata viunganishi vya sehemu moja: ile inayofanya hesabu za desimali. Sehemu hiyo ndiyo iliyokuwa na hataza nchini Marekani, na wachambuzi wengi wanaona kwamba hiyo si bahati tu. Kwa hiyo tunapozungumzia "orijino" na "feki", tukumbuke kuwa orijino nayo ilikuwa na mama yake.

Mwaka 1985 Nintendo waliipeleka mashine hiyo Marekani kwa umbo jipya na jina jipya, NES. Humo waliongeza chipu ya ulinzi: kaseti isiyo na chipu mwenza inakataliwa. Famicom ya Japani haikuwa na mlinzi huyo. Mlango wake ulikuwa wazi, na kaseti zake zilikuwa na pini 60 badala ya 72 za NES. Hebu angalia kaseti yako ya zamani kama bado unayo. Uwezekano ni mkubwa ukakuta pini 60. Yaani ukoo wa mashine zetu ni wa Japani, siyo wa Marekani.

Taiwan inaingia

Mlango ukiwa wazi, watu huingia. Kampuni ya UMC ya Taiwan ilitengeneza chipu zake zilizofanya kazi ile ile ya zile mbili za Ricoh. Ukiwa na chipu hizo, bodi, ganda la plastiki na pedi mbili, tayari una mashine. Baadaye kila kitu kikabanwa ndani ya chipu moja, na chipu hiyo ikafunikwa kwa tone jeusi la gundi ngumu juu ya bodi. Aliyewahi kufungua mashine ya namna hii kwa bisibisi analijua lile tone. Halikuwekwa hapo kuficha siri. Ni njia ya bei rahisi: chipu inabandikwa uchi kwenye bodi bila nyumba yake ya plastiki na miguu yake, halafu inafunikwa isiguswe.

Bei ikashuka, na mashine zikaenda ambako Nintendo wenyewe hawakuhangaika kufika. Poland ziliitwa Pegasus. Urusi, kuanzia mwaka 1992, kampuni ya Steepler iliziuza kwa jina la Dendy, na mpaka leo Mrusi wa rika fulani akisema "dendy" anamaanisha gemu ya TV kwa jumla. China, kampuni ya Subor iliweka kibodi juu yake na kuiuza kama mashine ya kujifunzia, na Jackie Chan akaitangaza kwenye runinga. Mzazi ananunua "kompyuta ya masomo", mtoto anacheza Contra. Ujanja huo haukuhitaji tafsiri popote duniani.

Huku kwetu zilikuja bila jina la kukumbukwa. Ganda linafanana na PlayStation, ndani ni Famicom. Bunduki ya kupigia bata ndani ya boksi. Kaseti imeandikwa gemu 9,999,999, ukihesabu zinazotofautiana hazizidi mikono na miguu yako.

Hizo namba, kwa njia, zina sayansi yake. Ubongo wa 6502 unaweza kuona anwani 65,536 tu kwa wakati mmoja, na kaseti hupewa sehemu tu ya hizo. Ni kama meza ndogo ya kusomea: haijalishi maktaba ina vitabu vingapi, mezani vinatosha vichache. Dawa yake ni kuweka kwenye kaseti saketi ndogo inayobadilisha vitabu mezani. Nintendo na wenzake walitumia mbinu hiyo kutengeneza gemu kubwa. Wanakili waliitumia kupanga gemu nyingi ndogo kwenye kaseti moja. Super Mario Bros. nzima ni kilobaiti 40. Kisha gemu ile ile ikaorodheshwa mara kumi, ya pili ikianzia hatua ya 2, ya tatu ikianzia na maisha 30, na namba zikapanda.

Sasa turudi kwa kaka

Kwanza, kasi. Runinga za Japani na Marekani zilikuwa zikichora picha mara 60 kwa sekunde. Sisi, kama sehemu kubwa ya Ulaya, tulifuata mfumo wa PAL, mara 50 kwa sekunde. Gemu za Famicom hupima muda kwa kuhesabu picha. Kila picha moja, Mario anasogea hatua kadhaa na muziki unasonga mbele kidogo. Ukipunguza picha kutoka 60 hadi 50, dunia yote ya Mario inakwenda polepole kwa karibu asilimia 17.

Tulipima, bwana. Katika hatua ya kwanza saa ya gemu inaanzia 400, na inapungua moja kila baada ya picha 24. Ukimwacha Mario asimame tu bila kugusa kitu mpaka muda uishe, picha ni 9,600. Kwa mashine ya picha 60 hiyo ni sekunde 160. Kwa mashine ya picha 50 ni sekunde 192. Tukawasha mashine ya mgeni, saa ya simu mkononi: 160, na ushee kidogo. Tukawasha ya baba kwenye TV ya chogo ya shangazi: 192 hivi. Kaka akanitazama bila kusema kitu. Hakuhitaji.

Hapa kuna jambo ambalo sikulijua kabla. Nintendo nao walitengeneza NES ya picha 50 kwa ajili ya Ulaya, lakini humo walibadilisha uwiano kati ya ubongo na mchoraji. Gemu nyingi za Kijapani zilizotegemea uwiano wa awali zilikosea zikiwekwa humo: mistari inacheza, picha zinatetemeka. UMC, kwenye chipu zao za PAL, walifanya tofauti. Waliuacha uwiano ule ule wa Japani, mchoraji anaweka nukta 3 kwa kila hatua 1 ya ubongo, na ile mistari 50 ya ziada ya PAL wakaifanya muda wa kupumzika mwishoni mwa picha, kabla ubongo haujaambiwa kuwa picha imekwisha. Matokeo yake, kaseti za Kijapani zilitembea vizuri kwenye runinga za PAL. Katika jambo hili la kucheza kaseti za Japani kwenye PAL, nakala ilifanya kazi vizuri kuliko mashine ya mwenye mali. Wahandisi hao majina yao hayapo kwenye boksi lolote.

Pili, sauti. Sauti kuu za Famicom ni mawimbi ya mraba: umeme unawaka, unazima, unawaka, unazima. Urefu wa muda wa kuwaka ukilinganishwa na kuzima ndio unaobadilisha ladha ya sauti. Ikiwaka robo ya muda, sauti inakuwa nyembamba na kali. Ikiwaka nusu ya muda, inakuwa nene, kama filimbi. Chipu nyingi za kunakili zilibadilishana hizo mbili: gemu inaomba robo, chipu inatoa nusu, na kinyume chake. Noti zinabaki zile zile, wimbo unatambulika, ila chombo ni kingine. Nikarekodi mashine zote mbili na kutazama mawimbi kwenye kompyuta. Pale ile mpya ilipoonyesha nusu, ya baba ilionyesha robo.

Kwa hiyo kaka hakukumbuka vibaya. Alikumbuka kwa usahihi mkubwa, kwa zaidi ya miaka 20, muziki uliokosewa.

Je, mashine mpya inafaa?

Siku hizi kuna makundi mawili. Kundi la kwanza ni zile za bei rahisi zenye mdomo wa HDMI. Nyingine bado zina lile tone jeusi, nyingine ni kompyuta ndogo inayoigiza Famicom kwa programu. Moja niliyowahi kununua mjini ilikuwa inachelewa: unabonyeza kuruka, Mario anafikiria kwanza, anatumbukia shimoni. Kabla ya kununua, omba ujaribu gemu ya kuruka, siyo ya kupanga matofali.

Kundi la pili ni zile za FPGA, kama AVS ya RetroUSB iliyotoka 2016 na Nt mini ya Analogue iliyofuata 2017. FPGA ni chipu ambayo mizunguko yake ya ndani unaweza kuipanga upya. Badala ya programu kuigiza ubongo na mchoraji kwa zamu, unapanga saketi zinazofanya kazi zote kwa pamoja, kama chipu za Ricoh zilivyofanya. Ucheleweshaji ni mdogo sana na usahihi ni wa juu. Bei nayo ni ya juu. Nt mini ilitoka kwa dola 449.

Kisheria, hataza za teknolojia ya miaka ya 1980 zimekwisha muda, hivyo kutengeneza mashine si kosa kama zamani. Hakimiliki ya gemu zenyewe bado ipo, hilo ni suala jingine.

Kimoja ambacho mashine mpya nyingi hazikirudishi kwenye TV bapa: ile bunduki ya zamani ya bata. Ukivuta kidole, skrini inakuwa nyeusi kwa kitambo kifupi sana, kisha mahali pa bata panakuwa peupe. Jicho la bunduki linasubiri mwanga wa TV ya chogo, kwa mapigo yake na kwa wakati wake. TV bapa inachelewa na haipigi mapigo hayo. Bata anacheka tu.

Hukumu yangu ni hii. Kama unataka kujua walichosikia watoto wa Japani mwaka 1985, mashine ya FPGA haina mpinzani. Lakini utoto wetu haukuwa huo. Wanaohifadhi historia ya gemu duniani wanahifadhi zaidi Famicom na NES, na mashine za kweli zinazidi kuwa sahihi. Za kwetu, zilizokwenda polepole na kuimba kwa robo badala ya nusu, zinatupwa jalalani kila nyumba ikihama. Kama unayo moja darini, usiitupe. Ifungue, piga picha bodi yake, rekodi sauti yake. Na usipulize kaseti, mate yanaleta kutu. Kilichokuwa kinasaidia ni kuichomoa na kuichomeka upya.

Jumapili jioni nikairudisha mashine ya mgeni kwenye boksi lake. Kaka alibaki sebuleni na ile ya baba, pedi namba moja mkononi. Ya pili ilikuwa kwenye kochi, kebo yake imeungwa kwa gundi ya karatasi tangu mwaka 2003. "Kaa basi," akasema.