Mashine ya Kupimia Uongo na Mfungwa Aliyeijua Siri Yake

Wazee wa pwani yetu walipokosa shahidi katika shauri la wizi, walimpa mshukiwa kiapo. Huenda akapewa mkate uliosomewa maneno, na yule ambaye koo lake lilikataa kuumeza ndiye aliyehesabiwa mwivi. Wengi wetu leo twayacheka mambo hayo. Lakini katika karne ya 20 watu wa Marekani, pamoja na elimu yao yote, walijitengenezea kiapo cha chuma na karatasi, nacho kimewafunga watu gerezani. Habari zake zafaa zijulikane.

Mwaka 1915 William Moulton Marston, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Harvard, alianza kupima nguvu ya damu mishipani mwa watu wasemao uongo. Mwaka 1921 John Larson, askari polisi wa mji wa Berkeley katika California, akatengeneza mashine iliyopima damu na pumzi pamoja, na kuandika mistari yake juu ya karatasi bila kukoma. Baadaye jasho la vidole nalo likaongezwa. Mwaka 1923, katika kesi ya Frye, mahakama ya rufani ya Washington ilikataa kuupokea upimaji wa Marston, kwa kuwa wataalamu walikuwa bado hawajaukubali. (Marston huyu ndiye aliyebuni, mwaka 1941, hadithi za picha za Wonder Woman, yule mwanamke mwenye kamba imlazimishayo mtu kusema kweli. Twaona hamu yake haikumwisha.)

Basi, tuifahamu vema kazi ya mashine hii. Uongo wenyewe haiuoni. Huona moyo uendao mbio, pumzi iliyokatika, na kidole kilicholowa jasho. Sisi tufundishao watoto twajua jambo hili bila mashine: ukiuliza darasani ni nani aliyeiba chaki, mara nyingi atetemekaye ni yule asiyeigusa. Wapimaji nao walilijua, na mwaka 1947 John Reid wa Chicago akatoa shauri la kuchanganya maswali. Mtu aulizwe, “Je, ulimwua fulani?” kisha aulizwe jambo ambalo karibu kila mtu amelifanya, kama vile, “Je, umepata kumdanganya mtu aliyekuamini?” Walidhani kwamba mwenye hatia ataogopa zaidi swali la kwanza, naye asiye na hatia ataogopa zaidi la pili. Mistari ya majibu hayo mawili ndiyo ilinganishwayo.

Shauri hilo lina werevu, lakini ndani yake mna mlango wazi. Mtu akiisha kujua ni lipi swali la kulinganishia, hana haja ya kuutuliza moyo wake katika swali la mauaji, kazi ambayo ni ngumu sana. Yamtosha kuutia moyo mbio katika lile jingine: aume ulimi kwa siri, au akaze vidole vya miguu ndani ya viatu, au ahesabu kurudi nyuma kwa saba saba.

Aliyelidhihirisha hilo hakuwa mtaalamu. Mwaka 1978, karibu na mji wa Toledo katika Ohio, mwuza duka alipigwa risasi, na kabla ya kufa alisema kwamba aliyempiga alifanana na Floyd Fay. Ushahidi ulikuwa haba. Ndipo wakapatana hivi: Fay apimwe kwa mashine, akifaulu aachwe aende zake, akishindwa matokeo yasomwe mbele ya mahakama. Fay, akijua hakuua, alikubali. Akashindwa, akapimwa mara ya pili akashindwa tena, akahukumiwa kifungo cha maisha.

Huko gerezani akaanza kusoma kila alichoweza kupata juu ya mashine iliyomfunga. Wafungwa wenziwe walioshitakiwa makosa ya humo gerezani nao walikuwa wakipimwa. Fay akawafundisha watu 27, ambao wote walimwambia kwamba kosa wamelitenda. Kila mmoja alimpa mafundisho ya dakika 20 hivi. Katika hao 27, watu 23 waliishinda mashine. Tazama ajabu hii: mkweli alishindwa mara mbili, na wenye hatia 23 wakafaulu! Fay alitoka mwaka 1980, baada ya wakili mmoja kuwagundua wauaji wa kweli. Mashine haikuwa na fungu lo lote katika kumwokoa.

Wataalamu nao walijaribu wenyewe, na mwaka 1994 Honts, Raskin na Kircher wakatangaza kwamba karibu nusu ya wenye hatia waliofundishwa waliweza kuwadanganya wapimaji. Mwaka huo huo alikamatwa Aldrich Ames, ofisa wa upelelezi wa Marekani aliyewauzia Warusi siri tangu mwaka 1985. Alikuwa amepimwa mwaka 1986 na mwaka 1991, akapita mara zote mbili. Warusi walimpa shauri jepesi tu, kwamba alale usingizi mwema na ampendeze mpimaji. Watu waliouawa kwa usaliti wake si chini ya kumi.

Mwaka 2003 baraza la wataalamu wa sayansi wa Marekani lilipiga hesabu. Kama katika watumishi 10,000 wamo wapelelezi wa adui 10, na mashine ikazwe hata iwanase 8, basi watumishi waaminifu 1,598 watahesabiwa waongo pamoja nao, na wapelelezi 2 watapita salama. Sheria ya mwaka 1988 ilikwisha wakataza waajiri wengi wasio wa serikali kuwapima watu wao. Serikali yenyewe ilijiweka nje ya katazo hilo, na idara zake za upelelezi zaendelea kupima, kwa sababu, twadhani, isiyoandikwa katika mistari ya karatasi: wengi huungama kwa kuiogopa mashine kabla haijasema neno. Ndivyo ulivyofanya na mkate. Lakini hofu hiyo humnasa aaminiye, naye Ames hakuwa mmoja wao.