Darasa la Siasa na Mahakama ya Nchi

Profesa Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa, alifundisha sayansi ya siasa Makerere tangu 1963 hadi 1973. Miaka hiyo kumi hukumbukwa kwa ufasaha wake. Kwangu, inajibu pia swali zito zaidi: uthubutu wa mwalimu wa siasa hutegemea nini?

Februari 1966 Kwame Nkrumah alipinduliwa nchini Ghana. Mwezi huohuo Milton Obote aliisimamisha katiba ya Uganda. Mwaka huo Mazrui alichapisha katika Transition, jarida lililotolewa Kampala, makala iliyomwona Nkrumah kuwa mfuasi wa Lenin aliyejivika fahari ya wafalme wa Urusi. Msomaji wa Kampala angeweza kuyageuza maswali hayo yaelekee Ikulu ya kwao. Mazrui aliendelea kufundisha, lakini onyo halikuchelewa: Oktoba 1968 mhariri wa jarida hilo, Rajat Neogy, alitiwa kizuizini pamoja na mbunge Abu Mayanja, aliyekuwa ameikosoa serikali katika kurasa zake.

Hata hivyo, mjadala haukuzimika. Mwaka 1970 Mazrui alishindana kwa hoja, papo hapo Makerere, na Walter Rodney, Mmarx kutoka Guyana aliyekuwa akifundisha historia Dar es Salaam. Wanafunzi waliwasikiliza wote wawili, wakapima wenyewe.

Januari 1971 Idi Amin akatwaa madaraka. Septemba 1972 Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alikamatwa na askari akiwa mahakamani, asirudi tena. Mwezi uliofuata Frank Kalimuzo, Makamu Mkuu wa Chuo cha Makerere, naye akatoweka. Mwaka 1973 Mazrui akaondoka Uganda. Baadaye akafundisha Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani.

Tuutazame mfuatano huo: jaji, mkuu wa chuo, kisha mwalimu. Pale jaji asipoweza kujilinda ndani ya mahakama yake, kanuni za chuo haziwezi kumlinda mhadhiri ukumbini. Kwa hiyo, wanaodai uhuru wa taaluma wasiishie kwenye malango ya chuo. Wadai pia mahakama huru. Naye mtumishi wa umma anayetekeleza hukumu inayoiudhi serikali analinda, pamoja na haki ya mlalamikaji, mhadhara ambao huenda hatausikia kamwe.