Nyumbani Ndiyo Pensheni: Historia ya Kuzeekea Homa Bay na Migori

Muulize mfanyakazi yeyote wa Nairobi aliyetoka Homa Bay au Migori ataishi wapi akistaafu. Atakujibu kabla hujamaliza swali: nyumbani. Na hapo hamaanishi Umoja au Kayole, ambako amelipa kodi miaka thelathini na watoto wake wote wamezaliwa huko. Anamaanisha Ndhiwa, Karachuonyo, Uriri, Nyatike, Mbita. Ukimuuliza kwa nini, atakuambia ni mila. Mjaluo anaweza kuwa na nyumba mjini, lakini boma lake, yaani dala, liko kwao.

Mila ipo, sikatai. Lakini ukifuatilia jinsi wazee wetu walivyoenda kazini na jinsi walivyorudi, utaona jibu hilo halikuandikwa na mila peke yake. Kuna mwajiri aliyelisaidia, kwa sababu lilimpunguzia gharama. Na sasa kizazi cha baba zetu kinastaafu, sisi watoto tunaulizwa maoni, na pesa zenyewe ni chache. Ni vizuri basi kujua sehemu gani ya jibu hilo ni yetu na sehemu gani tuliachiwa na mkoloni.

Reli ilifika Kisumu Desemba 1901. Karibu na wakati huo serikali ya kikoloni ilianza kutoza kodi ya nyumba, na kodi ilitakiwa kwa pesa, si kwa mtama. Kule kusini, katika wilaya iliyoitwa South Kavirondo, vijana wengi hawakuwa na pesa. Pesa ilikuwa kwa mzungu: kwenye reli, kwenye mashamba ya mkonge na chai, bandarini Mombasa. Kipande, kilichotungiwa sheria mwaka 1915 na kuanza kutumika kwa nguvu mwaka 1920, kilihakikisha kwamba kila mwanaume aliye kazini anajulikana alikoandikwa, analipwa ngapi, na ameacha kazi lini. Alikuwa anakivaa shingoni.

Mjini hakukuwa na nafasi ya kuzeekea. Nyumba nyingi za wafanyakazi zilijengwa kwa hesabu ya mwanaume mmoja na kitanda kimoja, na mara nyingi zilikuwa za mwajiri. Ukipoteza kazi, umepoteza na nyumba. Ukionekana unazurura bila kazi, kulikuwa na sheria ya kukurudisha ulikotoka. Mitaa ya familia kama Kaloleni ilikuja baadaye, miaka ya 1940, na haikuwatosha watu waliokuwa wanahitaji. Kwa hiyo mzee wa miaka 55 hakuwa anachagua kurudi nyumbani. Mlango mwingine haukuwepo.

Jambo hili serikali yenyewe ililiandika. Mwaka 1954 ilitoka ripoti ya kamati iliyochunguza mishahara ya Waafrika, ambayo wengi huijua kwa jina la mwenyekiti wake, Carpenter. Kamati ilikiri kwamba mshahara wa chini mjini ulipigwa kwa mahitaji ya mwanaume asiye na familia. Ikasema kama Kenya inataka wafanyakazi wa kudumu, inabidi wapate vitu vinne: mshahara unaotosha familia, kazi isiyokatika, nyumba ya kuishi na mke na watoto, na usalama wakati wa uzee.

Soma hicho cha nne polepole. Maana yake ni kwamba hadi mwaka 1954, kwa walio wengi, usalama wa uzeeni haukuwa sehemu ya malipo. Mwajiri alikuwa anatumia nguvu za kijana kuanzia miaka 18, halafu akichoka anamrudisha kwa watu wake wamlishe. Shamba la kijijini ndilo lililokuwa pensheni yake.

Na shamba halijilimi. Nani alikuwa analima huku mwanaume yuko Mombasa? Mke wake. Yeye ndiye alikuwa akilipa pensheni hiyo kila msimu, kwa jembe, miaka yote ambayo mume alikuwa anakuja Desemba na kuondoka Januari. Hata Luo Union, chama kilichokuwa na matawi katika miji mingi ya Afrika Mashariki na kilichosaidia watu wengi kwa kweli, kilijulikana kwa mambo mawili: kuchanga pesa za kusafirisha maiti hadi nyumbani, na kuwarudisha mashambani wanawake waliosemekana "wamepotea" mjini. Zamani nilidhani hayo ni mambo mawili tofauti. Siku hizi nayaona kama jambo moja. Ili mwanaume apate pa kurudi, akiwa hai au amekufa, ilibidi mwanamke awe amekaa huko akipalilia.

Nyanya yangu mzaa mama, tulimwita dani, alikuwa mmoja wao. Babu alifanya kazi miaka mingi katika kampuni moja ya majani chai huko Kericho. Siku ya kuachishwa alipewa barua ya shukrani na nauli. Alifika Ndhiwa na sanduku la bati, redio, na kikohozi. Alichokikuta ni nyumba iliyosimama, ghala lenye mtama, ng'ombe wanne, na majirani waliomdai dani sukari na chumvi walizokuwa wakikopeshana. Babu aliishi miaka mingine 20 na watu walisema amestaafu vizuri. Ukweli ni kwamba dani alikuwa amestaafisha mtu vizuri. Yeye mwenyewe hakustaafu. Alilima hadi mgongo ukakataa.

Basi turudi kwenye mila, kwa sababu najua kuna mtu tayari anasema huyu kijana anadharau dala. Sidharau. Kuanzisha boma lako ni tendo zito: mwanaume hutoka kwa baba yake asubuhi na mapema, na jogoo, na mwanawe wa kwanza amebeba shoka, na mkewe pamoja nao. Nyumba inajengwa, moto unawashwa, na kuanzia siku hiyo una mahali. Bila hapo, hata maiti yako inasumbua watu. Nchi nzima ilijifunza hili katika kesi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 20, 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika kwenye shamba lao karibu na Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Mahakamani, mashahidi na mawakili walibishana siku nyingi kuhusu tofauti ya nyumba na dala. Ukoo ulishinda, na Mei 23, 1987 akazikwa Nyalgunga.

Ukitazama Ziwa Victoria kutoka Mbita, ng'ambo ya daraja kuna Rusinga. Tom Mboya amezikwa hapo. Alizaliwa mwaka 1930 huko Kilima Mbogo, kwenye shamba la mkonge ambako baba yake alikuwa akifanya kazi, na akauawa Nairobi Julai 5, 1969. Alizaliwa kazini kwa baba na kufia mjini, lakini hakuna aliyeuliza atazikwa wapi. Nguvu ya dala ni hiyo.

Lakini kuna jambo ambalo wazee wa mabaraza hulitaja kwa sauti ya chini. Sehemu kubwa ya nchi hii ya kusini ni ya watu waliohamia. Walikuja kutoka upande wa Siaya wakifuata ardhi, wengine karne ya 19, wengine hata wakati wa mkoloni. Wamaragoli walikuja Migori wakitoroka msongamano wa kwao. Wasuba walijifunza Kiluo hadi lugha yao ikabaki kwa wachache. Aliyefika baada ya wenyeji aliitwa jadak, mgeni aliyekaribishwa kulima, na mwenye ardhi aliitwa wuon lowo. Mgeni alikaa kwa heshima, akasaidiana na wenyeji, akaoa, na baada ya vizazi viwili kaburi la babu yake likawa ushahidi kwamba hapa ni kwao.

Halafu ikaja hati ya kumiliki ardhi. Sheria ya kukadiria ardhi ya mwaka 1968 ilileta wapima na daftari. Jina lililoandikwa ndilo lililobaki, na kwa kawaida lilikuwa jina la mwanaume mmoja. Wageni wengi walipoteza usalama ambao ujirani uliwapa. Kwa hiyo tukisema "nyumbani" kana kwamba Mungu alipanda kila ukoo mahali pake kama mti, tunasahau kwamba babu zetu walichagua. Walitazama maji, udongo, na majirani, wakaamua. Kuchagua mahali pa kuishi ni mila yetu ya zamani kuliko hati yoyote.

Serikali huru ilijaribu kuziba pengo la Carpenter. NSSF ilianzishwa mwaka 1965, lakini kama mfuko wa akiba: ukistaafu unapewa zako kwa mkupuo, basi. Kwa miaka mingi kabla ya viwango vipya kuanza kukatwa Februari 2023, mfanyakazi alikatwa shilingi 200 kwa mwezi na mwajiri akaongeza 200. Piga hesabu. Miaka 20 ni shilingi 96,000 kabla ya riba. Hizo hazinunui hata ng'ombe wa kutosha kukupa maziwa na heshima. Watumishi wa serikali walikuwa na pensheni, na tangu mwaka 2009 wanastaafu wakiwa na miaka 60 badala ya 55, lakini kila mtu anajua mwalimu aliyesubiri faili yake hadi akachoka kuuliza. Wengine wote waliendelea kutegemea pensheni ile ya zamani: shamba, na watoto.

Halafu watoto wakafa. Hapa Homa Bay na Migori huwezi kuandika historia ya uzee ukaruka ukimwi. Katika miaka ya 1990, kabla ya dawa kuanza kutolewa bure, ugonjwa ulichukua watu wa umri wa kati, wale wale waliopaswa kutuma pesa. Wazee waliobaki walianza kulea upya, wakiwa na miaka 65, 70. Hata utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta asilimia 19.6 ya watu wazima Homa Bay wanaishi na virusi, wakati kiwango cha nchi nzima kilikuwa asilimia 4.9. Siku hizi wanaishi, wanameza dawa, wanafanya kazi. Lakini kuna mabomba mengi ya mzee mmoja na wajukuu, ambapo ile shilingi 2,000 kwa mwezi ya Inua Jamii ndiyo pesa pekee yenye tarehe, nayo pia huchelewa.

Yote haya yako mezani kwetu sasa hivi, kwa sababu baba atafikisha 60 mwakani. Yeye anataka kujenga Ndhiwa: nyumba ya matofali, vyumba vinne, mabati ya rangi, kwa kiinua mgongo chote. Mama anataka ploti ndogo Rongo, karibu na soko na barabara ya lami, ajenge vyumba vitatu vya kupangisha na kimoja cha kukaa. Mama amekuwa na kibanda cha mitumba na chama cha wanawake Nairobi kwa miaka 22. Siku moja baba alipokuwa anachora ramani ya sebule, mama alimuuliza, "Baba Otis, huko mimi nitakuwa nani? Nikitoka na kikapu nitaulizwa naenda wapi." Baba hakujibu. Aliendelea kuchora.

Nikiulizwa, nasema hivi. Kijiji alichoacha dani hakiko tena. Baba anadhani anarudi kwenye pensheni ile aliyoikuta babu, lakini hakuna mtu aliyekaa huko miaka 30 akiilipia. Mama alikuwa Nairobi, akilipa karo. Hakuna ghala, hakuna jirani anayedaiwa chumvi. Vyumba vinne haviwezi kuleta hivyo kwa mwaka mmoja. Mzee anayestawi ni yule ambaye maji yako karibu, hospitali anaifikia kwa boda kabla presha haijampindua, ana pesa kidogo inayoingia kila mwezi, na ana watu wanaomgongea mlango bila kutaka mchango. Mahali penye hivyo vinne ndipo pa kustaafia, iwe ndani ya dala au ploti ya Rongo. Nyumba ndogo ya Ndhiwa inaweza kujengwa, na lazima ijengwe, ili mila itulie. Lakini kiinua mgongo chote kisizikwe kwenye ukuta.

Na mama awe na jina lake kwenye hati. Hilo silijadili.

Sisi vijana tunacheka mijadala hii kana kwamba haituhusu. Mimi naandika kwa kulipwa kwa makala. Hakuna mwajiri wa kunikata, hakuna wa kuniongezea, na marafiki zangu wa boda na wa kazi za mtandaoni wako hivyo hivyo. Tumerudi pale alipokuwa kijana wa South Kavirondo mwaka 1920, tofauti ni kwamba hakuna kipande shingoni, na hakuna mke aliyebaki nyumbani kulima uzee wetu. Wala tusimtafute. Mwanamke aliyelipa pensheni ya babu zetu hakupewa hata barua ya shukrani. Safari hii tuanze kulipa wenyewe, hata kama ni shilingi mia mbili.